Kumfuata nondo wa baridi: shajara ya mialoni, Novemba hadi Septemba

Novemba 24, mchana

Pori ni la mialoni, kusini mwa Uingereza, na majani makavu yaliyodondoka yanafika kwenye vifundo vya miguu. Anayetafutwa ni Operophtera brumata, nondo mdogo wa familia ya Geometridae. Humu ataitwa nondo wa baridi, maana huruka wakati wadudu wengine karibu wote wamejificha. Mabawa ya dume yakitandazwa yana upana wa karibu sentimita 2.5 hadi 3. Rangi yake ni kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mistari ya mawimbi inayokatiza bawa la mbele ni hafifu sana. Vigamba vikishaanza kupukutika, mistari hiyo haisomeki tena. Hapo ndipo wengi hukwama: wanafungua kitabu cha picha, wanalinganisha mabawa, kisha wanabaki na majina manne mkononi.

Kwa nondo huyu, bawa ni shahidi wa mwisho. Maswali matatu yatangulie: ni tarehe gani, yuko kwenye mti gani, na yuko sehemu gani ya mti huo. Majibu ya maswali hayo hayapukutiki. Tena hayatoshi kwa msimu mmoja, kwa sababu mdudu huyu hukaa hewani wiki chache tu na miezi iliyobaki huishi kama yai, kiwavi au pupa, yaani hatua ya kujigeuza kuwa nondo ndani ya ganda. Ndiyo maana safari hii inarudi kwenye miti ileile hadi Septemba.

Kazi ya leo mchana ni kuchagua miti na kuipa namba. Ifaayo ni mialoni mikubwa yenye gome lililopasuka nyufa za kina, pamoja na michache michanga ya kulinganishia. Mzingo wa shina hupimwa kwa kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa mteremko uliopanda. Vifaa ni vichache: tochi mbili, kioo cha kukuzia mara 10, rula ya milimita, vikopo vidogo vinavyopitisha mwanga, kipimajoto, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, unyevu wa Novemba huiharibu karatasi na maandishi pamoja.

Mchana baadhi ya madume hulala kwenye mashina. Ukilitazama gome uso kwa uso humwoni. Sogeza shavu karibu na shina, tazama kwa upande, na ufuate ukingo wa gome taratibu kutoka chini kwenda juu. Mabawa yaliyolala bapa huwa na ukingo laini unaokatiza nyufa. Gome halina ukingo wa namna hiyo. Zunguka shina lote, lakini anza upande uliojikinga na upepo.

Novemba 24, usiku

Kipindi hiki jua huzama karibu saa 10 jioni. Mzunguko wa kwanza huanza nusu saa baadaye, na muda wenye mavuno ni saa mbili au tatu za mwanzo za giza.

Tochi isielekezwe moja kwa moja kwenye shina. Ishike karibu na gome, mwanga upite sambamba nalo, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Kwa namna hii jike huonekana. Hana mabawa ya kurukia. Ana vibawa vinne vifupi vyenye mkanda mweusi kila kimoja, tumbo nene kama pipa, na miguu mirefu. Urefu wa mwili ni milimita chache tu, na kwa mbali hudhaniwa ni buibui. Hesabu miguu: sita, si minane. Huyo ndiye alama ya uhakika kuliko dume yeyote, na ndiye anayepaswa kutafutwa kwanza.

Majike hutoka ardhini jioni, hutembea hadi kwenye shina na kupanda. Kimo cha goti hadi kimo cha macho ndicho cha kukagua kwa makini. Wengine huwa tayari wameunganika na madume, mwisho kwa mwisho, na wanaweza kubaki hivyo kwa muda bila kusogea. Wasibanduliwe. Tumbo la jike limejaa mayai na hupasuka kwa kubanwa kidogo tu.

Hali ya hewa huamua mengi. Dume huweza kuruka joto likiwa karibu na nyuzi 0, jambo ambalo nondo wa kiangazi hawawezi bila kwanza kutetemesha misuli na kujipasha. Sababu ni uwiano wa mwili: mabawa ni mapana na mwili ni mwepesi, hivyo uzito unaobebwa na kila sehemu ya bawa ni mdogo, na misuli inayofanya kazi polepole kwa ajili ya baridi bado inatosha kumwinua. Kinachomzuia zaidi ni upepo mkali na mvua nzito. Usiku mtulivu wenye ukungu, baada ya mvua nyepesi, ndio bora.

Madume huwafikia majike kwa kufuata harufu. Feromoni ya majike, yaani harufu hiyo inayoita madume, ilitambuliwa mwaka 1982: ni hidrokaboni yenye kaboni 19 na vifungo pacha vinne. Mitego yenye harufu hiyo inapatikana, lakini inaitikiwa pia na ndugu zake wa jenasi ileile. Idadi iliyonaswa isiandikwe kwenye daftari kuwa ni ya nondo wa baridi kabla kila mmoja hajakaguliwa.

Novemba 25, asubuhi

Leo ni kazi ya mezani. Kila dume yumo kwenye kikopo chake, na juu ya kikopo pameandikwa namba ya mti, kimo kutoka ardhini, saa na joto. Bila maandishi hayo, kielelezo kizuri kinageuka kuwa bawa la kijivu tu.

Watu wengi hutuliza nondo kwa kuwaweka kwenye friji. Kwa huyu usitegemee sana njia hiyo, kwani nyuzi 4 za friji ni joto lake la kawaida la kazi. Kinachomtuliza ni kikopo chembamba na giza la dakika kadhaa. Kikopo kilichotoka baridini kikiingia chumba chenye joto hujaa ukungu ndani, kwa hiyo picha zipigwe nje kivulini. Piga ya juu, ya chini kupitia kitako cha kikopo, na ya ubavuni, rula ikiwa kwenye kila picha.

Sasa bawa lina nafasi ya kutoa ushahidi. La nondo wa baridi limeviringana kwenye ncha, halina doa jeusi la wazi katikati, na bawa la nyuma ni la kijivu kilichopauka, halina michoro ya maana.

Anayemkaribia kuliko wote ni Operophtera fagata. Huyo ni mkubwa kidogo, ana weupe zaidi na mng'ao, na upande wa chini wa mabawa umepauka. Hupendelea mibetula. Dume mmoja aliyechakaa, aliyenaswa kwenye taa mahali palipochanganyika mialoni na mibetula, hawezi kuamuliwa kwa macho, na ni sahihi kabisa kuandika jenasi peke yake. Majike hutenganishwa kwa urahisi zaidi: vibawa vya fagata ni virefu, hufika karibu nusu ya tumbo, vya nondo wa baridi ni vifupi kuliko hapo.

Kundi la pili la kuchanganya ni Epirrita, spishi nne nchini Uingereza, ambazo zenyewe hazitenganishwi vizuri bila kuchunguza ncha ya tumbo chini ya hadubini. Ila kuzitofautisha na nondo wa baridi si kazi kubwa. Mabawa yao ni marefu na makubwa zaidi, yana doa dogo jeusi katikati ya bawa la mbele, mistari ni mingi na iliyokolea, na majike yao wana mabawa kamili. Kilele cha kuruka kwao kiko mapema, Oktoba hadi katikati ya Novemba. Hapa tarehe inasaidia sana: nondo wa kijivu wa Desemba 15 kwenye shina la mwaloni kwa kawaida si Epirrita.

Wa tatu, Erannis defoliaria, hupatikana mialoni hiyohiyo na wiki hizohizo. Dume ni mkubwa waziwazi na mara nyingi ana mkanda mzito wa kahawia. Jike hana hata vibawa, na mwili wake una madoadoa meusi juu ya rangi nyeupe au ya manjano. Ukishamwona mara moja humsahau.

Wote waliochunguzwa hurudishwa jioni kwenye shina walikotoka. Nondo wa baridi aliyekomaa hali chochote, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi, kwa hiyo kila usiku anaokaa kikopo ni sehemu ya maisha yake inayopotea.

Novemba 26, jioni

Leo ni hesabu ya majike. Kwa kuwa jike haruki, shina ni lango: kila anayetaga juu ya mti ule amepita pale kwa miguu. Wataalamu wa ikolojia George Varley na George Gradwell wa Oxford waliitumia hali hiyo. Kuanzia 1950 hadi 1968 walifuatilia mialoni mitano katika msitu wa Wytham, wakinasa sehemu ya majike wanaopanda, kisha wakihesabu viwavi wanaoshuka na nondo waliokomaa wanaotoka ardhini. Takwimu hizo zilionyesha, hatua kwa hatua, mahali ambapo kizazi hupungua. Ni wadudu wachache mno ambao maisha yao yamehesabiwa kwa ukamilifu kiasi hicho, na ilitokana na kuchagua mnyama ambaye mwili wake unamlazimisha kupita mlango mmoja.

Kwa hesabu ndogo hakuna haja ya mtego. Funga uzi mweupe kuzunguka shina kwenye mita 1.5, kagua mara moja kila robo saa kwa saa mbili, na uhesabu majike wanaovuka uzi. Anayesimama chini yake hahesabiwi hadi avuke. Kosa linalojirudia ni kumhesabu jike mmoja mara mbili, kwa sababu wengine hupanda, husimama kwenye ufa, kisha hushuka kidogo. Chora ramani ya shina kwenye daftari, iliyogawanywa pande nne, na uweke alama pale alipo kila mmoja.

Mikanda ya gundi inayotumika kwenye bustani za mitofaa hufungwa Oktoba ili kuwazuia majike. Kwa uchunguzi ina kasoro tatu. Gome lenye nyufa za kina huacha njia chini ya mkanda. Majani makavu hunata na kuwa daraja. Tena majike waliozuiliwa hutaga palepale chini ya mkanda, na viwavi wakianguliwa hupanda au hupeperushwa na upepo. Ndege wadogo nao wanaweza kunata, na hiyo peke yake ni sababu ya kuiacha kwenye mialoni ya porini.

Januari 12

Nondo waliokomaa wamekwisha, labda dume mmoja mmoja. Zilizobaki juu ya miti ni mbegu za kizazi kijacho: jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 200 hivi, moja moja au machache pamoja, ndani ya nyufa, chini ya likeni, yaani utando unaoota juu ya gome, na karibu na matumba ya majani.

Mti uliosimama usichunwe gome. Subiri upepo mkali, kisha okota vijiti vilivyoanguka vyenye likeni nyingi. Juu ya kitambaa cheupe, inua kila kipande cha likeni kwa ncha ya sindano, ukitazama kwa kioo. Yai lina urefu wa karibu nusu milimita, umbo la duara lililorefushwa kidogo. Likitagwa huwa kijani kilichopauka, na siku chache baadaye hugeuka rangi ya machungwa. Rangi hiyo ndiyo itakayodumu majira yote ya baridi na ndiyo inayoonekana kwenye likeni ya kijivu.

Mayai yaliyopangwa kwa safu nadhifu kuzunguka kijiti na kufunikwa manyoya si yake. Hayo ni ya Alsophila aescularia, nondo mwingine ambaye jike wake hana mabawa.

Vijiti vyenye mayai vihifadhiwe nje, kwenye chombo chenye matundu, mahali penye joto lilelile la porini. Ukivileta ndani ya nyumba, mayai yatakua kwa kufuata joto la chumba na kuanguliwa Februari, wakati hakuna jani hata moja la mwaloni nje. Viwavi wote watakufa ndani ya siku chache.

Februari 20

Kwenye mashina kuna majike wasio na mabawa tena. Si nondo wa baridi waliochelewa. Yupo Alsophila aescularia, mwenye kishada cha manyoya kwenye ncha ya tumbo, na dume wake hulaza bawa moja juu ya jingine hadi aonekane mwembamba. Wapo pia Agriopis leucophaearia na Phigalia pilosaria. Andika tarehe, piga picha, endelea.

Aprili 6

Mayai yamebadilika tena, kutoka machungwa hadi bluu iliyokolea karibu na weusi. Rangi hiyo ni ya kiwavi aliyekamilika anayeonekana kupitia ganda, na maana yake ni kwamba kuanguliwa kumebakiza siku chache. Kuanzia leo vijiti hukaguliwa kila asubuhi, na matumba ya kila mti yanaandikwa.

Kipimo cha matumba kiwe rahisi ili kila mtu aandike vilevile: 0 ni tumba la kahawia lililofungwa, 1 limevimba na magamba yake yameachana, 2 ncha ya kijani inaonekana, 3 kingo za majani zimejitenga, 4 jani limekunjuka. Tazama matumba 20 kwa kila mti, kwa darubini kama ni ya juu, na uandike hatua yenye matumba mengi zaidi. Usichukue ya matawi ya chini pekee. Mara nyingi hayaendi sawa na ya juu.

Aprili 9

Mialoni miwili iliyo jirani inaweza kuachana kwa wiki nzima au zaidi, na mti unaowahi mwaka huu kwa kawaida huwahi na mwaka ujao. Ndiyo faida ya namba zilizowekwa Novemba.

Aprili 14

Viwavi wameanguliwa. Wana urefu wa milimita mbili hivi, wamekolea rangi, na wanapanda kuelekea mwangaza. Hatua 2 ya tumba ndiyo mlango wao: huingia kati ya magamba na kula majani ambayo bado yamekunjwa. Tumba likiwa kwenye 0 hawapiti. Hapo kiwavi hutoa uzi wa hariri, hujiachia, na upepo humbeba kwenda asikokujua. Wengi hupotea kwa njia hiyo.

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote katika maisha yake. Varley na Gradwell walipokokotoa vifo vya kila hatua, waliona kwamba kinachobadilisha idadi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine ni hasara ya kati ya kutagwa kwa mayai na viwavi kukomaa, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokana na kuanguliwa kusikoenda pamoja na kufunguka kwa matumba. Anayewahi hufa njaa. Anayechelewa hukuta majani yamekomaa. Paul Feeny alionyesha, katika mialoni ya Wytham hiyohiyo, kwamba jani la mwaloni linavyokua tanini, kemikali chungu ya mmea, huongezeka na linakuwa gumu, hivyo kiwavi anayelila hukua vibaya.

Uholanzi, Marcel Visser na Leonard Holleman waliandika mwaka 2001 kwamba majira ya machipuko yenye joto yalikuwa yakiyaharakisha mayai kuliko mialoni. Mwaka 2013 watafiti wa huko wakaonyesha kwamba tarehe ya kuanguliwa imesogea na kuwa ya baadaye zaidi, ikaikaribia ya mialoni, na mabadiliko hayo yanarithiwa. Waliowahi mno walikufa bila kuacha kizazi. Kwa hiyo safu ya tarehe kwenye daftari, kuanguliwa upande mmoja na hatua ya matumba upande wa pili, ina thamani kuliko picha yoyote nzuri ya bawa.

Mei 3

Majani yamekunjuka na mengine yana matundu. Mengine mawili mawili yameshonwa kwa hariri, kiwavi akiwa katikati. Tandaza shuka jeupe la mita moja kwa moja chini ya tawi, ligonge tawi mara tatu kwa fimbo, makofi mafupi na makali, kisha hesabu haraka. Kugonga kwa upole huwafanya washikilie zaidi. Majani yakiwa na maji usifanye kazi hii. Viwavi hunata kwenye shuka na hufa.

Kiwavi wa nondo wa baridi hutembea kwa kupima shubiri, mgongo ukipanda na kushuka, maana miguu bandia anayo jozi mbili tu, zote mwishoni mwa mwili. Akikomaa hufikia karibu sentimita 2. Ni kijani, ana mstari wa kijani kilichokolea katikati ya mgongo, na kila ubavu una mistari mitatu iliyopauka. Kichwa ni kijani.

Kichwa hicho kiangaliwe kwanza. Kiwavi wa Operophtera fagata ana kichwa cheusi. Wa Alsophila aescularia ana kichwa cha kijani na mwili unaofanana sana, lakini ana jozi ya ziada ya miguu bandia midogo sana mbele ya zile mbili. Mgeuze ndani ya kikopo na utazame tumbo kwa kioo; bila hivyo hutaiona. Kiwavi anayerudi kinyumenyume kwa fujo anapoguswa, mwenye jozi tano za miguu bandia na vidoa vyeusi mwilini, ni Tortrix viridana anayekunja majani ya mwaloni. Ni wa familia nyingine kabisa, ila mwaka ambao mwaloni umebaki vipande vya majani, mara nyingi wote wawili wamehusika.

Mei 10

Leo pori limejaa ndege wa jamii ya titi wanaolisha makinda. Huko Wytham ndege hao wamehesabiwa tangu 1947, na wana shida ileile ya tarehe: makinda yanapaswa kuanguliwa wakati viwavi ni wengi na wanono.

Kwenye kingo za majani yaliyotafunwa kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Nzi Cyzenis albicans hutaga mayai yake madogo mno juu ya jani lililoharibiwa, akiongozwa na kemikali zinazotoka kwenye jeraha. Kiwavi hulimeza yai pamoja na jani, yai huanguliwa tumboni mwake, na buu wa nzi huhamia kwenye tezi za mate. Kiwavi huendelea kula kama kawaida. Hauawi hadi awe pupa. Kwa hiyo kiwavi mwenye afya leo si ushahidi kwamba yuko salama, na anayefuga awape majani yaliyotoka juu ya mti usiofikiwa na nzi, au akubali kwamba baadhi ya pupa watatoa nzi.

Mei 24

Viwavi waliokwisha kula hushuka kwa nyuzi. Weka chini ya kila mti trei mbili zenye maji ya kina cha sentimita 3 na tone la sabuni. Bila sabuni kiwavi huelea na kutambaa nje. Zikaguliwe kila siku, kwa sababu siku tatu tu za joto zinatosha kuwaozesha hadi wasitambulike. Ukijua eneo la trei na eneo lililofunikwa na matawi, unapata makadirio ya walioshuka mti mzima.

Kwa kufuga: chombo chenye udongo wa sentimita 8, uliochekechwa, wenye unyevu kiasi kwamba ukiukamata unashikana lakini hautoi maji. Weka viwavi kumi, si zaidi, na majani mabichi kila siku hadi wote wazame udongoni. Udongo mkavu huwanyausha pupa wakati wa kiangazi. Ulioloa huleta ukungu. Wengi hushindwa hapa, si kwenye kulisha. Chombo kikae nje kivulini, kifunikwe wavu, na kisifukuliwe kwa udadisi.

Juni 10

Mialoni iliyoliwa inatoa machipukizi ya pili, na baadhi ya majani mapya yana wekundu. Mti wenye nguvu huvumilia hasara ya mwaka mmoja. Miaka kadhaa mfululizo ni jambo jingine.

Julai 15

Sampuli za udongo. Ramani ya kila mti ina alama tatu ndani ya kivuli cha matawi. Kata mraba wa sentimita 25 kwa 25, kina cha sentimita 10, weka pembeni majani makavu, na uchekeche udongo kwa chekeche la tundu za milimita 2. Pupa ni wa kahawia, ana urefu wa milimita 7 hivi, ndani ya kifuko dhaifu cha hariri kilichoshikana na chembe za udongo. Kifuko hicho hufanana kabisa na donge la udongo, kwa hiyo kila donge linalobaki juu ya chekeche lipasuliwe kwa vidole. Kisha udongo urudishwe shimoni na majani juu yake.

Miezi hii anakaa ardhini, na ardhi si kimbilio. Mbawakawa wa Philonthus decorus na wa jamii nyingine za ardhini, pamoja na virukanjia, humtafuta. Varley na Gradwell waligundua kwamba pupa wakizidi kuwa wengi, sehemu inayoliwa nayo huzidi. Ndicho kinachomrudisha nondo huyu kwenye idadi ya kawaida baada ya mwaka wa neema. Tarehe za Aprili hutikisa idadi. Walaji wa Julai huidhibiti.

Nova Scotia, nchini Kanada, ilijifunza hayo kwa gharama. Nondo huyu aliingia huko miaka ya 1930, akatambuliwa 1949, na mialoni na mitofaa ikaliwa vibaya. Katikati ya miaka ya 1950 nzi Cyzenis na nyigu Agrypon flaveolatum waliletwa kutoka Ulaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwavi walikuwa wamepungua sana. Massachusetts, Marekani, alipozuka baadaye, nzi yuleyule aliachiliwa kuanzia 2005. Huko ugumu wa kumtambua ni mkubwa kuliko Uingereza, kwa sababu Operophtera bruceata ni mwenyeji, madume yanafanana, na mitego ya feromoni huwanasa wote wawili.

Septemba 20

Pupa waliokusanywa wanagawanywa. Walio laini kwa ndani, wenye ganda lililotoboka au kubonyea, wameliwa na huandikwa hivyo. Walio wazima huwekwa mmoja mmoja kwenye kikopo chenye udongo wa sentimita 3, namba ya mti juu yake, nje kivulini.

Ndani ya baadhi yao hakuna nondo tena. Buu wa Cyzenis amekula kila kitu na kujitengenezea gamba lake ndani ya ganda la pupa. Pupa huyo ni mgumu na hatikisi pingili za tumbo hata akishikwa mkononi hadi apate joto. Mwenye nondo ndani anaweza kuzitikisa, ingawa si kila mara, kwa hiyo asitengwe kwa dalili hiyo peke yake. Nondo watatoka kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, wengine Januari. Kikopo ambacho hakijatoa kitu kufikia wakati huo kisitupwe wala kuandikwa kuwa kimekufa. Kiongezewe matone ya maji, kifunikwe wavu wa tundu ndogo, na kiachwe palepale hadi mwisho wa Mei, maana nzi hutoka majira ya machipuko, majani ya mwaloni yanapoanza kutafunwa upya.